Ubingwa wa Fornaroli haukuwa wa kuokota

Ndugu Mhariri,

Nimesoma kurasa zenu za michezo kwa miaka mingi bila kuwaandikia hata mstari mmoja. Mengi nimeyameza. Ila taarifa yenu ya Leonardo Fornaroli kutwaa ubingwa wa mwaka 2025 wa Formula 2, mbio za magari za vijana zilizo ngazi moja chini ya Formula 1, imenikaa kooni. Mwandishi wenu alimsifu kwa aya mbili, kisha akatia sentensi kwamba safari hii ubingwa ameupata kihalali, tofauti na ule wa 2024 wa Formula 3, ngazi iliyo chini yake, ambao, kwa maneno yake, "aliuokota", kwa kuwa alimaliza msimu mzima bila kushinda mbio hata moja.

Ni kweli hakushinda. Mbio 20 katika duru 10, kuanzia Bahrain hadi Monza, na hakuna hata siku moja aliyosimama juu kabisa jukwaani. Hilo halina ubishi. Lakini aliyeandika sentensi ile ama hajui pointi za mashindano hayo zinavyogawanywa, ama anajua na akaona msomaji hana haja ya kujua.

Basi niwaeleze mimi. Timu ni 10, kila moja ina magari matatu, na wote 30 wanaendesha gari la aina moja linalotengenezwa na Dallara. Kila duru ina mbio mbili, fupi na kuu. Madereva wanapewa nusu saa tu ya kutafuta muda bora, na nusu saa hiyo ndiyo inayopanga nafasi za kuanzia kwenye mbio kuu. Katika mbio fupi, 12 wa juu hugeuzwa kichwa chini: aliyeshika nafasi ya 12 anaanza mbele ya wote, na aliyekuwa wa kwanza anaanza wa 12. Mshindi wa mbio fupi anapata pointi 10. Mshindi wa mbio kuu anapata 25, wa pili 18, wa tatu 15, wa nne 12, wa tano 10. Rudieni hapo mwisho. Anayemaliza wa tano kwenye mbio kuu anapata pointi sawasawa na anayeshinda mbio fupi, naye huyo wa mbio fupi huenda alianza mbele kwa sababu tu alikuwa wa 12 katika kutafuta muda. Sasa mwandishi wenu anapohesabu ushindi kana kwamba wote ni wa uzito mmoja, anahesabu nini?

Msimu huohuo wa 2024, Arvid Lindblad alishinda mbio nne, nyingi kuliko dereva mwingine yeyote. Silverstone alizoa zote mbili za wikendi moja, jambo ambalo hakuna aliyekuwa amelifanya tangu mashindano haya yaanze kwa sura yake ya sasa mwaka 2019. Kwenye jedwali la msimu alimaliza wa nne. Kipaji chake hakina mashaka, ila bandu bandu huisha gogo, na aliyebandua bila kupumzika ni Fornaroli. Tena hakuwa na timu ya Formula 1 iliyomshika mkono, kama walivyokuwa nayo baadhi ya wapinzani wake. Walipofika Monza, Gabriele Minì na Luke Browning bado walikuwa wanauwania ubingwa. Mzunguko wa mwisho wa mbio ya mwisho, kwenye kona ya mwisho, Fornaroli akampita Christian Mansell na kumaliza wa tatu. Anayetaka kuokota hamuovateki mtu pale, mahali ambapo kosa la nusu sekunde linawapeleka wote wawili kwenye kokoto na msimu mzima unaishia hapo.

Wala si kioja kipya. Emilio Alzamora alikuwa bingwa wa dunia wa pikipiki za 125cc mwaka 1999 bila kushinda mbio. Keke Rosberg alichukua Formula 1 ya 1982 kwa ushindi mmoja. Mwaka 1958 Mike Hawthorn alishinda mara moja, Stirling Moss mara nne, na bingwa akawa Hawthorn kwa tofauti ya pointi moja. Hata kwenye Formula 3 yenyewe, mwaka 2020 Frederik Vesti na Liam Lawson walishinda mbio tatu kila mmoja wakamaliza wa nne na wa tano, huku Oscar Piastri akibeba taji kwa ushindi wa mara mbili, pointi 164 dhidi ya 161 za Théo Pourchaire. Kuhusu Piastri sijawahi kuona mkiandika kwamba aliokota.

FIA wenyewe, shirikisho la kimataifa la mbio za magari, wanajua thamani ya nafasi ya mwisho wa msimu. Max Verstappen alipoingia Formula 1 mwaka 2015 akiwa na miaka 17, baada ya msimu mmoja tu wa Formula 3 ya Ulaya ambao alishinda mbio 10 na bado akamaliza wa tatu, waliweka utaratibu kwamba dereva akusanye pointi 40 za leseni ya Formula 1 ndani ya misimu mitatu. Bingwa wa Formula 3 anapewa 30, wa Formula 2 anapewa 40. Pointi hizo zinafuata jedwali la mwisho, na kijana hapati hata moja ya ziada kwa kuwa alishinda mbio nyingi kuliko aliyemtangulia.

Nina sababu ya kulichukua hili moyoni. Binti yangu aliendesha karti utotoni. Msimu mmoja hakushinda sana, lakini karibu kila mara alikuwa wa pili au wa tatu, na kufikia siku ya mwisho alikuwa anaongoza jedwali lililobandikwa ukutani na waandaaji wenyewe. Siku hiyo akamaliza wa tatu, na kwa hesabu ya pale ukutani ubingwa ulikuwa wake. Ulipofika wakati wa kutoa kombe, waandaaji wakampa mvulana aliyeshinda mbio ya mwisho. Nilikwenda kuuliza. Nikaambiwa watu waliofika wamemwona mvulana akishinda, hivyo wasingeelewa kombe likienda kwa mwingine. Nikawaonyesha jedwali lao. Nikaambiwa jedwali ni la kumbukumbu. La kumbukumbu! Mtoto aliyekuwa anaamka usiku kunisaidia kusafisha mnyororo, aliyejifunza kuachia nafasi moja ili asipoteze tano, aliyekuwa anajua pointi za kila mwenzake kwa kichwa, anaambiwa kwamba hesabu aliyoiheshimu msimu mzima ilikuwa pambo la ukutani. Hakulia. Alivua helmeti akaniuliza kwa nini walituambia tuhesabu, na mimi baba yake sikuwa na jibu. Msimu uliofuata hakutaka kurudi. Mwandishi wenu alipoandika "aliuokota", aliandika kwa akili ileile ya wale waandaaji, na hao vijana wanasoma magazeti, Mhariri, na wanajua kinachosemwa juu yao.

Na kwa kuwa nimeshaanza, acheni niseme na hili. Mnawakumbuka madereva hawa wadogo wakifa tu. Anthoine Hubert alikuwa bingwa wa GP3, mashindano yaliyotangulia Formula 3 ya sasa, mwaka 2018, na sikuona neno lake kwenu mpaka Agosti 31, 2019, alipofariki kwa ajali kwenye uwanja wa Spa, Ubelgiji, katika mbio ya Formula 2 akiwa na miaka 22. Hapo mkampa nusu ukurasa na picha ya mabaki ya gari. Juan Manuel Correa, aliyeumia vibaya miguu katika ajali ileile, alirudi kwenye mashindano mwaka 2021 akiendesha Formula 3. Kurudi kule hakukupata hata mstari. Julai 1, 2023, Dilano van 't Hoff wa miaka 18 akafa palepale Spa, mvua ikinyesha, katika mashindano ya Formula Regional ya Ulaya. Picha ya ajali tena. Kati ya msiba na msiba, vijana hawa hawapo kwenye gazeti lenu. Wanahatarisha maisha kwenye viwanja vilevile vya wakubwa wao, mara nyingi asubuhi ya siku hiyohiyo, nanyi mnaanza kuangalia mchana. Gabriel Bortoleto alikuwa bingwa wa Formula 3 mwaka 2023 na timu ya Trident, kisha bingwa wa Formula 2 mwaka 2024 na Invicta. Fornaroli amepita njia hiyohiyo, timu zilezile, mwaka mmoja nyuma yake. Habari nzuri kama hiyo ilikuwa mbele ya macho yenu, ila kuiona kulihitaji mtu aliyefuatilia misimu miwili mfululizo.

Naomba mambo mawili. Kwanza, kila mnapoandika habari za mashindano ya vijana, wekeni pembeni jedwali lenye safu tatu: pointi za mbio fupi, pointi za mbio kuu, na idadi ya mbio ambazo dereva hakupata kitu. Ile safu ya tatu ndiyo itakayomfundisha mwandishi wenu. Pili, mtumeni kwenye chumba cha watunza muda wa mbio za karti, popote zilipo karibu naye, akajaze karatasi za mizunguko kwa mkono kuanzia duru ya kwanza mpaka ya mwisho. Asiende Jumapili moja akapiga picha na kuondoka. Akae msimu mzima.

Akimaliza, achapishe jedwali kamili la Formula 3 ya 2024 kwenye ukurasa uleule alioandika neno lile, kwa herufi za ukubwa uleule, na ile sentensi yake aifute kwa jina lake mwenyewe.

Msomaji wenu wa siku nyingi