YAH: MALALAMIKO KUHUSU UFUNGAJI MBOVU WA VIFAA VYA KUNASULIA GARI NA DHARAU NILIYOFANYIWA KAUNTANI

Ndugu Meneja Mkuu,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mteja wenu, mwenye Land Cruiser ya utalii iliyofungiwa vifaa vya kunasulia katika karakana yenu ya hapa Arusha mwezi Machi, kwa utaratibu wenu wa gharama nafuu. Masharti ya utaratibu huo mmeyaandika wenyewe, na karatasi ya dhamana imebandikwa juu ya kaunta yenu, kwa hiyo sitayarudia.

Nianze na kilichotokea kauntani, maana hicho ndicho kilichonifanya nishike kalamu. Nilifika na skrubu zilizong'oka, nimezifunga kwenye karatasi laini ili msimamizi wenu wa kazi azione kwa macho yake. Alizigeuzageuza kwa ncha ya kalamu, akazikumba kwa kiganja zikaangukia kwenye debe la taka, kisha akasema, "Mama, hiyo ndiyo kazi ya bei uliyoitaka." Nikabaki nimesimama na karatasi tupu mkononi, naye akamgeukia mteja mwingine na kumwuliza kama angependa kahawa.

Sasa kuhusu hiyo kazi yenyewe. Nilichoagiza ni ubao wa plaiwudi wa milimita 18, usimamishwe nyuma ya siti ya mwisho, ubebe jeki ya hai-lifti (ile ndefu ya kuinulia gari lililozama), sepetu, mkanda wa kuvutia na pingu zake za chuma za kuufungia kwenye gari. Raki ya nje sikuitaka, na si kwa sababu ya bei peke yake: jeki ya aina ile ikikaa nje hujaa vumbi na tope mpaka pini zake zinagoma kupanda, na kwa kawaida hugoma siku ile ambayo gari limezama hadi ekseli. Kuifunga ndani vizuri hakuhitaji fedha nyingi. Kunahitaji vipande vya chuma cha pembe, bolti za milimita 10 zenye alama ya uimara ya 8.8 kichwani, washa pana (zile pete bapa za bolti) upande wa chini ili bati lisichanike, nati zisizolegea kwa mtikisiko, na vipande vya tyubu chakavu kati ya chuma na chuma. Tyubu iliyokufa utapewa bure na fundi pancha yeyote. Matundu ya kiwandani ya kushikia siti yapo sakafuni, na fundi anayejua gari hizi huanza nayo kabla hajashika mashine ya kutobolea. Gharama kubwa hapo ni umakini, na huo ndio niliodhani nimeulipia.

Mafundi wenu walitumia skrubu za bati. Ni skrubu za aina ile ile inayopigwa kwenye mapaa ya vibanda, zimezamishwa kwenye bati la ubavuni lisilofika hata milimita 2 kwa unene, eti zishike jeki ya inchi 48 yenye uzito wa takriban kilo 13. Moja kati ya hizo ilipita moja kwa moja hadi kwenye waya za taa za nyuma na kuanza kuzisaga taratibu. Hilo niliambiwa na fundi umeme niliyemlipa mwenyewe, baada ya taa ya breki kuzimika.

Matokeo yake yalionekana katika barabara ya kwenda Ngaresero, kule Ziwa Natron, mbele ya Engaruka, ambako nina hakika mafundi wenu wanajua makorongo yalivyo wakati wa masika. Nilifunga breki ukingoni mwa korongo, nikasikia ubao unapasuka nyuma yangu, na jeki ikaruka juu ya siti ya mwisho ikatua kwenye siti ya katikati, chuma kikachana ngozi na kuingia hadi kwenye sponji. Kwa rehema za Mungu siti hiyo haikuwa na mtu. Wageni wangu wawili walikuwa wamekaa upande wa pili wa ujia, umbali wa mkono tu. Safari iliyobaki jeki ilisafiri imelazwa chini ya miguu yao, imefungwa kwa kamba ya katani, na kampuni iliyonipa wageni hao haijanipigia simu tena tangu hapo.

Na msiseme hamkujua. Siku ya kukabidhiwa gari niliitikisa jeki kwa mkono ikalia, nikamwambia fundi wenu kwamba imelegea, akanijibu kwamba itakaa yenyewe barabarani.

Nirudi kauntani, kwa sababu sikueleza yote, na nisiyoyaeleza ndiyo yanayoniuma zaidi. Kabla msimamizi wenu hajazitupa zile skrubu, aliangalia gari kupitia dirishani, akaniangalia mimi, akauliza, "Mwenye gari yuko wapi?" Nikamjibu kwamba ndiye mimi. Akatabasamu, akasema, "Basi mwambie mzee nyumbani aje, haya mambo ya ufundi tutaelewana naye." Vijana wawili waliokuwa nyuma yake wakacheka, na dereva kijana ninayemlipa mshahara mimi akainamisha kichwa kwa aibu. Ndipo skrubu zikakumbwa debeni. Kadi ya gari ina jina langu, fedha za kuwalipa nyinyi zilitoka kwenye simu yangu, na gari hilo nimeliendesha mwenyewe kwenye udongo mweusi wa Serengeti wakati wa mvua.

Nilipoanza kuandika barua hii nilikusudia kuomba mrudie kazi kwa bolti zinazostahili. Nimeghairi. Mkono wa fundi wenu hautagusa tena gari langu. Ninadai fedha zangu zote za ufungaji, gharama ya kushonea siti, na malipo ya fundi umeme ambayo risiti yake nimeiambatanisha. Ninadai pia barua ya kuniomba radhi yenye saini ya msimamizi huyo mwenyewe. Barua ya jumla kutoka dawati la huduma kwa wateja sitaipokea.

Jambo jingine ambalo nilikuwa nalinyamazia: nilipolipa nilipewa kipande cha karatasi kilichoandikwa kwa mkono badala ya risiti ya EFD, ile ya mashine ya kielektroniki ya kodi. Ninaitaka risiti hiyo pia. Nikiikosa, swali hilo nitaiachia Mamlaka ya Mapato (TRA) iwaulize.

Ninawapa siku 14 tangu mtakapoipokea barua hii. Zikipita kimya, malalamiko haya yatafikishwa Tume ya Ushindani chini ya Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, pamoja na picha za ubao, za bati lililochanika na za waya zilizosagika. Nitadai pia fidia ya kazi niliyoipoteza, ambayo kwa sasa sijaiweka kwenye hesabu. Madereva wenzangu tunaokutana nao kila asubuhi wakipakia wageni wataziona picha hizo kabla ya Tume.

Wenu,

Mwenye gari
Arusha