Taarifa ya mwaka ya mwenyekiti: barabara ipimwe kwa anayetembea polepole

Ndugu wanachama,

Salamu kwenu nyote, na hongereni kwa kazi ya mwaka mzima. Katiba yetu inamtaka mwenyekiti alete mbele yenu taarifa ya shughuli, ya fedha na ya mipango. Ya fedha nitaipitia haraka, kwa kuwa mweka hazina amekwisha kuwagawia hesabu zilizokaguliwa: hatuna deni, ada zimelipwa vizuri kuliko mwaka juzi, na kilichobaki kinatosha kununua vifaa vya kupimia ambavyo tumekuwa tukiviazima. Nafasi iliyobaki naomba niitumie kwa jambo lililotuchukulia vikao vingi kuliko jingine lolote, nalo ni sekunde anazopewa mtu kuvuka barabara.

Lilianza kwa mwanachama mwenzetu, muuguzi mstaafu. Alitueleza kwamba kila akiwashauri wazee watembee kila siku ili kushusha shinikizo la damu, wanamjibu kwamba miguu wanayo, ila barabara iliyo mbele ya nyumba hawaiwezi. Wanabaki ndani. Tukaamua twende tukaione hiyo barabara.

Nilisimama kwenye kivuko chenye taa asubuhi moja, simu mkononi ikihesabu sekunde. Kutoka ukingo hadi ukingo ni mita 14. Taa ya kijani ya waenda kwa miguu iliwaka sekunde 12. Kijana mmoja alivuka hata kabla ya sekunde ya kumi. Nyuma yake alikuwepo bibi mwenye mkongojo, mfuko wa dawa begani. Alianza safari mara tu taa ilipobadilika. Hakuchelewa hata kidogo. Taa ilipozima alikuwa bado ana mita nne na ushee kufika ng'ambo. Hapo aliuinua mkono wake wa kushoto, kiganja kikiwaelekea madereva, akaendelea kutembea bila kuwatazama, kwa sababu macho aliyahitaji chini penye nyufa za lami. Magari yalikwisha kuanza kuvuma. Alifika. Akashika nguzo ya taa na kusimama pale muda mrefu kuliko aliotumia kuvuka.

Hesabu yake ni nyepesi. Katika nchi nyingi taa hizi hupangwa kwa kuchukulia kwamba mtu hutembea mita 1.2 kwa sekunde. Kwa mwendo huo mita 14 ni karibu sekunde 12, na ndivyo taa ile ilivyopangwa. Lakini utafiti uliochapishwa Uingereza mwaka 2012, uliowapima watu wenye umri wa miaka 65 na zaidi, ulikuta wastani wa wanaume ni mita 0.9 kwa sekunde na wa wanawake ni mita 0.8. Kwa mita 0.8, bibi yule anahitaji sekunde 17 na nusu. Kwa hiyo kosa halikuwa lake wala la dereva aliyeondoa gari taa ilipomruhusu. Lilikuwa limeandikwa kwenye kiwango chenyewe, na kiwango kiliandikwa kwa ajili ya mtu mwenye magoti mazima.

Tuliandika barua kwa ofisi inayohusika. Jibu lilikuja baada ya miezi mitatu: kivuko kinakidhi kiwango. Nakiri jibu hilo liliniuma, maana lilikuwa la kweli na halikumsaidia mtu yeyote. Tukaandika tena. Mara ya tatu hatukuandika. Tulimwomba mhandisi mmoja aje asimame nasi pale nusu saa tu. Alikuja, akatazama, hakusema mengi. Wiki chache baadaye sekunde ziliongezwa zikafika 18. Kwenye vivuko vingine viwili tulivyolalamikia hakuna kilichofanyika mpaka leo, na sitaki mtu yeyote aondoke hapa akidhani tumeshinda.

Nimeulizwa na baadhi yenu kwa nini hatutumii nguvu zetu kuwafundisha watu uangalifu barabarani. Elimu ina nafasi yake, lakini nimeacha kuamini kwamba inaweza kuwa nguzo ya kazi yetu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu milioni 1.19 hufa kila mwaka kwa ajali za barabarani, na kwamba hakuna kinachoua watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29 kuliko ajali hizo. Zaidi ya nusu ya wanaokufa ni waenda kwa miguu, waendesha baiskeli na wapanda pikipiki. Mtoto wa miaka sita hawezi kukadiria kasi ya gari linalomjia, hata umfundishe kwa wimbo. Akili yake haijafika huko. Anayeweza kubadilika ni barabara.

Na barabara hubadilika kwanza kwa mwendo. Gari la kilomita 50 kwa saa husafiri karibu mita 14 katika sekunde moja, yaani upana mzima wa kivuko chetu, kabla mguu wa dereva haujagusa breki. La kilomita 30 husafiri mita 8 na kidogo. Nguvu ya kugonga nayo haipandi sawasawa na mwendo. Mwendo ukiongezeka maradufu, nguvu huwa mara nne. Ndiyo maana inasemwa kwamba kila wastani wa mwendo unapopanda kwa asilimia 1, hatari ya ajali ya kuua hupanda kwa karibu asilimia 4. Helsinki, mji mkuu wa Ufini, waliweka kikomo cha kilomita 30 kwenye zaidi ya nusu ya mitaa yao, wakabana njia za magari, wakaboresha vivuko na usafiri wa umma, na kufikia Julai 2025 walikuwa wamemaliza mwaka mzima bila mtu hata mmoja kufa barabarani. Jiji zima, waenda kwa miguu, baiskeli na magari yote pamoja. Bunge la Uswidi lilipopitisha mwaka 1997 lengo la kwamba asife mtu barabarani, wengi waliona ni ndoto. Kiini chake kilikuwa kukubali kwamba binadamu atakosea tu, na kwamba aliyechora barabara anawajibika kuhakikisha kosa hilo halimtoi mtu roho.

Kibao cha kilomita 30 peke yake hakitoshi. Barabara pana iliyonyooka humwambia dereva akanyage mafuta hata kibao kikisema vingine. Tulijionea wenyewe mbele ya shule tuliyoitembelea: kibao kipo, kipya kabisa, na magari yanapita kama hakipo. Kona zikibanwa ili gari lilazimike kupunguza mwendo linapokata, kivuko kikiinuliwa kilingane na njia ya waenda kwa miguu, kisiwa kikiwekwa katikati ili mtu avuke nusu, apumzike, kisha amalizie, hapo mwendo unashuka bila askari kuwepo.

Kuhusu matuta, najua tulitofautiana, na kikao kile kilikuwa kikali. Wenzetu wanaotumia viti vya magurudumu na wale wenye maumivu ya mgongo walieleza jinsi tuta lililojengwa ovyo linavyowaumiza wakiwa ndani ya basi, na dereva mmoja wa gari la wagonjwa alituambia anachokiona nyuma ya kiti chake. Waliongea kweli. Msimamo tuliofikia ni kwamba tutaomba vivuko vilivyoinuliwa vyenye mteremko laini badala ya matuta ya ghafla, na kwenye njia kuu zinazoelekea hospitali hatutaomba tuta kabisa. Nawashukuru waliobaki mpaka mwisho wa kikao.

Sasa niseme juu ya kosa letu wenyewe. Mwaka uliopita tuliomba njia ya baiskeli, na kwa kuogopa kuambiwa hakuna fedha tukaomba ya kuchorwa kwa rangi tu. Tulipewa upesi. Haikupita wiki magari yakawa yameegeshwa juu yake, na waendesha baiskeli wanalazimika kuyazunguka na kuingia katikati ya barabara, mahali pa hatari kuliko walipokuwa zamani. Mimi ndiye niliyesaini ombi lile. Tungeomba ukingo wa zege, hata kama ungekuwa wa mita 200 tu, tungekuwa na mita 200 ambazo mzazi angemruhusu mtoto wake apite. Kuanzia sasa chama hakitaomba tena mstari wa rangi na kuuita njia.

Wapo wanaosema baiskeli ni utamaduni wa watu fulani, kama Waholanzi. Uholanzi mwaka 1971 watu zaidi ya 3,000 waliuawa barabarani, wakiwemo watoto zaidi ya 400. Magari yalikuwa yamekwisha kuiteka miji yao. Wazazi waliingia barabarani kuandamana, mgogoro wa mafuta wa mwaka 1973 ukaja, na ndipo serikali ikageuza sera na kujenga njia zilizotengwa. Baiskeli zilirudi kwa sababu zilitengenezewa mahali.

Kwenye semina yetu ya ndani tulisoma kwa makini kazi ya daktari Jerry Morris, na naona inafaa wasiokuwepo waisikie. Mwaka 1953 yeye na wenzake walichapisha utafiti juu ya wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa ya London. Dereva na kondakta walifanya kazi ndani ya basi moja. Tofauti ni kwamba dereva alikaa karibu zamu nzima, na kondakta alipanda ngazi kati ya 500 na 750 kwa siku akikata tiketi. Makondakta walipatwa na ugonjwa wa moyo kwa kiasi kidogo kuliko madereva, na walioupata waliupata wakiwa na umri mkubwa zaidi. Hakuna kondakta aliyejiandikisha kufanya mazoezi. Ngazi zilikuwepo, na kazi ilimpandisha.

Hilo ndilo ninalotaka mji ufanye. Watu wazima wanashauriwa wapate angalau dakika 150 za kuushughulisha mwili kwa wiki. Mtu anayetembea dakika 15 kwenda kituo cha basi na 15 kurudi, siku tano, amezitimiza zote kabla hajafikiria mazoezi. Kwa hiyo kituo cha basi ni huduma ya afya. Lakini lazima njia ya kukifikia iwe na taa usiku, isiwe na shimo lililofunikwa kwa ubao, na iwe na benchi kila baada ya mwendo mfupi. Nasisitiza benchi. Mzee akijua atapata pa kukaa, anatoka nyumbani. Asipojua, hatoki, na hakuna takwimu ya barabarani itakayomhesabu. Vivyo hivyo kwa asiyeona: vigae vyenye vinundu anavyovihisi kwa miguu, vilivyobuniwa Japani na Seiichi Miyake mwaka 1965 vinasaidia tu pale visipoishia kwenye nguzo. Tumeviona vinavyoishia kwenye nguzo.

Juu ya hewa nitasema kidogo, kwa kuwa kamati ya mazingira itawasilisha yake. Stockholm, mji mkuu wa Uswidi, walianza kwa majaribio mwaka 2006 kuyatoza magari yanayoingia katikati ya jiji, wakaufanya utaratibu huo wa kudumu mwaka 2007. Magari yalipungua kwa karibu moja ya tano, na watafiti waliofuatilia watoto wadogo waliona wanaokimbizwa hospitali kwa pumu wanapungua, ingawa polepole, mwaka hadi mwaka. Mapafu huhitaji muda. Magari ya umeme yatapunguza moshi, nami nayakaribisha, ila bado yanatoa vumbi la matairi na breki, na yanachukua nafasi ileile barabarani.

Ombi letu la kufunga barabara moja kwa magari asubuhi ya Jumapili lilikataliwa kwa sababu za usalama. Bogotá, mji mkuu wa Kolombia, wamefanya hivyo tangu 1974, na leo kila Jumapili na sikukuu zaidi ya kilomita 100 za barabara huachiwa waenda kwa miguu na baiskeli. Kigali walianza siku yao ya barabara bila magari mwaka 2016, na watu hupimwa sukari na shinikizo la damu papo hapo. Tutaomba tena, safari hii kwa barabara fupi na tukiwa na barua za wenye maduka wa hapo, ambao mwanzoni hatukuwashirikisha. Hofu yao kwamba wateja watapungua tuliipuuza, na haikuwa haki.

Kwa mwaka ujao kamati inapendekeza mambo machache: vivuko vile viwili vilivyobaki tuvifuatilie mpaka mwisho, tupime njia zote zinazoelekea shule tuliyoitembelea, na ukingo wa zege wa njia ya baiskeli uwe ombi letu moja la ujenzi. Nafasi ya katibu iko wazi baada ya mwenzetu kuhama. Ametuandikia kila barua niliyoitaja hapa, pamoja na zile ambazo hazikujibiwa, na namshukuru kutoka moyoni.

Zoezi la kwanza la kupima litakuwa Jumamosi ya kwanza baada ya mkutano huu, saa mbili asubuhi, kwenye kimoja cha vivuko vile viwili. Kila mwanachama anayeweza aje na mzee mmoja wa nyumbani kwake, kama afya inamruhusu na mwenyewe ameridhia. Mzee atatangulia kuvuka kwa mwendo wake. Sisi tutafuata nyuma tukihesabu.

Wenu,
Mwenyekiti