Rambirambi za kamanda zisitoke kwenye jalada

Mhariri,

Kabla ya kustaafu jeshini nilikuwa mnadhimu wa kikosi, yaani afisa anayemsaidia kamanda katika kazi za utawala, na rasimu za barua za rambirambi zilipitia mezani kwangu. Ndiyo maana nikisoma kwamba marehemu "alikuwa mchapakazi, mzalendo, na ameacha pengo lisilozibika", najua sentensi hiyo imetolewa kwenye jalada ikabadilishwa jina na cheo tu.

Gwaride la mazishi lina utaratibu wake: bendera juu ya jeneza, tarumbeta, risasi za heshima. Hapo kufanana ni sawa, kwa kuwa heshima ile ni ya sare. Barua ni ya mtu. Kamanda wangu mmoja, mkali kupindukia, alinirudishia rasimu ya rambirambi za Meja aliyefariki akauliza, "Huyu ni nani?" Kisha akaandika mwenyewe kwamba Meja hakuwa akila mpaka askari wa mwisho apate chakula, na kwamba wao wawili walibishana miaka mingi kuhusu ramani, na mara nyingi Meja ndiye aliyekuwa sahihi. Mjane aliomba isomwe makaburini.

Kuna jambo jingine, la kikavu kidogo. Siku za msiba nyumba hujaa watu. Wakishatawanyika ndipo maswali ya mafao, nyumba ya kikosi na vifaa vya marehemu huanza. Kamanda aandike tena wakati huo, amtaje afisa atakayeisaidia familia katika mambo hayo hadi mwisho, na aweke namba ya simu ya afisa huyo.

Mnadhimu mstaafu