Laki Tatu na Nusu ya "Kubonyeza Laptopu"

Wiki iliyopita kaka mmoja alisimama mlangoni pa gereji yetu hapa Arusha, boksi la pigibeki mkononi, kile kifaa cha kurekebisha mafuta ya injini, akatuita wezi mbele ya wateja wengine. Kifaa kanunua mwenyewe, rafiki yake atamfungia nyaya, sasa laki tatu na nusu ya kukipanga ni ya nini? Ya kubonyeza laptopu? Si wa kwanza kuuliza, ndiyo maana naandika.

Pigibeki haiondoi kontroli boksi ya gari, ile kompyuta inayoongoza injini. Inakaa katikati, kwenye waya wa eafloo mita, sensa inayopima hewa inayoingia kwenye injini, inapokea ishara na kuibadilisha kabla haijafika. Kwa maneno mengine inaidanganya kontroli boksi. Umefunga nozeli za mafuta za sisii 550 kwa dakika badala ya 440, pigibeki inasema hewa imepungua kwa asilimia 20, boksi inafungua nozeli kwa muda mfupi zaidi na mafuta yanarudi kwenye kiasi chake. Hadi hapo hata fundi wa chini ya mwembe anajua. Wanachosahau ni kwamba hesabu hiyohiyo ya hewa ndiyo inayopanga taimingi ya moto wa plagi. Boksi ikiambiwa hewa ni kidogo, inaamini injini haina mzigo, basi inauwahisha moto. Turbo imejaza hewa, moto umewahi, injini inagonga, yaani mafuta yanalipuka ovyo ndani ya silinda. Nawe husikii, maana ekzosi uliyofunga ina kelele kuliko spika za harusi.

Kuna chalii wa Njiro mwenye Impreza. Rafiki yake wa Dar alimtumia ramani, yaani faili la mipangilio ya pigibeki, kwa WhatsApp, bure kabisa. Magari yanafanana hadi rangi, ila la Dar lilikuwa na nozeli za 550 na la huyu lilikuwa na zilezile 440 lilizotoka nazo Japani. Kwa hiyo alipunguza asilimia 20 ya mafuta ambayo hayakuwa yamezidi, na juu yake akauwahisha moto. Gari likawa jepesi kweli, mwenyewe alisema limeamka. Siku ya tatu, akipandisha kutoka uwanja wa ndege wa KIA kuja Usa River, moshi wa bluu. Tulipofungua tukakuta kingo ya ringi ya pistoni imekatika. Ovahoo ilimla zaidi ya mara nane ya pesa aliyoikimbia kwetu.

Sisi laptopu tunaifungua mwishoni. Kwanza plagi zinatoka tuzisome rangi, tunapima kompresheni na presha ya mafuta, tunatafuta mipira inayovuja hewa. Halafu tunafunga sensa ya waidibandi, inayosoma uwiano wa hewa na mafuta kwa upana. Sensa ya oksijeni iliyokuja na gari inaona vizuri karibu na hewa 14.7 kwa mafuta 1 tu, kwa uzito. Turbo ikijaza tunataka 11.5 mpaka 12, na huko sensa hiyo inajua mafuta ni mengi, haijui ni mengi kiasi gani. Kisha tunaingia barabarani alfajiri, mmoja anaendesha, mwingine macho kwenye namba, tunasahihisha kidogo kidogo. Siku mbili hizo, watu wawili, na mafuta ya majaribio yamo ndani ya bei.

Kuna mzee wa Moshi naye, mwenye Mark II, alirudi baada ya wiki akisema tumemharibia gari, linanyonya mafuta. Shikamoo, marahaba, kisha akatusema nusu saa. Ramani haikuwa na kosa. Alikuwa amechomelewa ekzosi kwa bei chee, likabaki tundu kati ya injini na sensa. Hewa ya nje inaingia pale, sensa inadhani mafuta ni machache, boksi inaongeza. Ukitembea taratibu boksi inaisikiliza sensa yake kuliko pigibeki, kwa hiyo ungeweza kupanga ramani mpaka Krismasi. Tulilichomelea lile tundu kwa elfu kumi na tano. Ukaguzi hatukumtoza, ingawa ulitula siku nzima.

Chalii wa Njiro sasa ni mteja wetu. Juzi kanipigia, anaomba nimtumie ramani yake ampe shemeji yake mwenye gari kama lake. Nimemwambia amlete shemeji, na gari.