Punguza sukari, sawa. Lakini kwa kijiko kipi?

Ndugu Mhariri,

Makala za afya mnazochapisha zina ushauri ambao hauna ubishi: anayetaka kupungua apunguze sukari. Tatizo ni kwamba zinaishia hapo hapo. Msomaji wa Mbagala au Tabata anakunja gazeti bila kujua apunguze kutoka wapi hadi wapi, aanze na kikombe kipi, na kwa nini jirani yake aliyeacha sukari tangu Pasaka bado ana kitambi kile kile. Tunaomba nafasi tuyaseme hayo yaliyobaki.

Tuanze na kijiko. Kijiko cha chai kilichosawazishwa kwa mgongo wa kisu kina gramu 4 za sukari. Kijiko hicho hicho kikichotwa mlima, kama wanavyochota wengi, kinabeba gramu 7 hivi, na sukari yetu ya kahawia ikiwa na unyevu inashikamana na kupanda juu zaidi. Anayesema "mimi naweka viwili tu" huenda ameweka karibu vinne. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2015, linataka sukari ya kuongezwa, pamoja na ile ya asali na juisi, isifike asilimia 10 ya nishati ya siku, na likasema kushuka chini ya asilimia 5 ni bora zaidi. Kwa mtu mzima anayekula kalori 2,000 kwa siku, asilimia 10 ni gramu 50, yaani vijiko 12 vilivyosawazishwa. Asilimia 5 ni gramu 25, vijiko 6. Tunda zima na maziwa yenyewe havimo katika hesabu hii.

Kuna kipimo kinachofanyika nyumbani bila mzani. Dukani kwa Mangi sukari inauzwa kwa robo, nusu na kilo. Siku unapofungua mfuko, andika tarehe juu yake. Ukiisha, hesabu siku, kisha gawanya kwa idadi ya walaji. Familia ya watu 5 inayomaliza kilo kwa siku 4 inakula gramu 50 kwa kichwa kila siku, na hapo hatujagusa soda ya mchana wala andazi la gengeni. Wote wamefika kikomo cha juu kabla hawajatoka nje ya geti, na watoto wamekivuka, kwa sababu kikomo cha mtoto ni kidogo kuliko cha mtu mzima. Familia hiyo hiyo ikitumia robo moja kwa siku 2, imefika kwenye gramu 25. Mwanzoni mwa 2024, sukari ilipoadimika na bei kupanda, kuna nyumba zilizopunguza hivyo bila kuambiwa na daktari yeyote. Ulimi ulizoea. Mfuko uliporudi dukani, na vijiko vikarudi.

Sasa aanzie wapi? Kwenye glasi, kabla ya sahani. Soda nyingi za kawaida zina gramu 10 hadi 13 za sukari katika kila mililita 100. Chupa ya mililita 350 inakuwa na gramu 35 hadi 45, na ile ya plastiki ya nusu lita inafika 50 na kupita. Vinywaji vya kuongeza nguvu wanavyokunywa vijana wa bodaboda na madereva wa daladala viko kwenye kiwango hicho hicho au karibu yake. Ubaya wa sukari ya kunywa ni kwamba haishibishi. Mtu akila sahani ya mihogo asubuhi, mchana hula kidogo. Akinywa kalori zile zile kwenye soda, chips mayai anaimaliza yote kama kawaida.

Hapa wengi wanafeli, na sababu yake ni joto. Kuanzia Desemba hadi Machi jua la Dar es Salaam halina mzaha, na kilicho baridi kwenye friji ya dukani ni soda; maji mara nyingi yamepangwa chini ya kaunta, vuguvugu. Mtu mwenye kiu hachagui sukari, anachagua ubaridi. Kwa hiyo hatua ya kwanza ya kuacha soda ni kugandisha maji. Jaza chupa ya lita moja na nusu hadi robo tatu, ilaze kwenye friza usiku, asubuhi ongeza maji uondoke nayo. Itakaa baridi mpaka mchana. Ukitaka ladha, tia vipande vya ndimu, tango au tangawizi iliyopondwa. Anayekunywa soda kila siku asiape kuiacha leo yote; ashuke kwanza kwenye chupa ndogo, kisha siku moja moja ziwe za maji. Soda isiyo na sukari inafaa kama daraja la kupitia kwa mtu mzima, lakini si mahali pa kuhamia: Mei 2023 Shirika la Afya Duniani lilishauri vitamu mbadala visitumike kama njia ya kudhibiti uzito, kwa kuwa kwa muda mrefu havikuonyesha faida hiyo.

Juisi ndiyo inayobishaniwa zaidi, maana watu wanaiona ni dawa. Pasheni na ukwaju ni vichachu, na uchachu hauzimwi bure. Jagi la lita 2 likitiwa kikombe kimoja cha sukari, gramu 200, ukaligawa kwenye glasi 8, kila glasi imebeba gramu 25 kabla hujahesabu sukari ya tunda lenyewe. Glasi moja tu, posho ya siku nzima imekwisha. Juisi ya miwa ya kwenye toroli haiongezwi kitu zaidi ya tangawizi na ndimu, na bado glasi ya mililita 300 ina karibu gramu 40, kwa sababu muwa ndio sukari yenyewe. Maji ya dafu ni mepesi zaidi: dafu moja huwa na gramu 10 hadi 15, basi ukitaka cha kununua barabarani, nunua hilo. Nyumbani, punguza kikombe cha sukari kuwa robo kikombe, na utamu uliobaki uutoe kwenye embe bivu au nanasi lililosagwa humo humo bila kuchujwa. Na chungwa libaki la kula. Glasi moja ya juisi inakamua machungwa matatu hivi. Ni wachache wanaokaa chini wakala matatu mfululizo, lakini glasi inaisha kwa mikupuo minne.

Kwenye chai, adui ni sufuria. Nyumba nyingi hutia sukari jikoni, chai ikiwa bado motoni, kisha inamiminwa kwenye chupa. Hapo kila mtu anakunywa kipimo cha anayependa utamu kuliko wote, na hakuna anayeweza kupunguza chake. Chai ipikwe bila sukari, bakuli liwekwe mezani pamoja na kijiko kidogo cha chai. Kijiko cha kulia wali kiondolewe kabisa kwenye bakuli hilo. Kosa la pili ni kuchemsha majani muda mrefu mpaka chai iwe chungu, halafu sukari ndiyo inayoitwa kuuondoa uchungu. Chemsha kwanza maji na iliki, mdalasini, tangawizi au mchaichai; majani yaingie mwisho, dakika 3, kisha chuja. Mwenye kuweka viwili vya mlima avigeuze kwanza kuwa viwili vilivyosawazishwa, akae wiki mbili, kisha ashuke nusu kijiko kila wiki mbili. Anayeruka kutoka vitatu hadi sifuri siku ya Jumatatu, kwa kawaida Alhamisi amerudi. Kwa mama ntilie chai huwa tayari imeshakolezwa, kwa hiyo agiza mapema: "nitilie ya rangi bila sukari, nitaweka mwenyewe." Wauza kahawa wa Kariakoo wamekuwa wakimimina kahawa chungu miaka yote na wateja hawalalamiki, cha kuhesabu pale ni kashata inayoisindikiza.

Halafu kuna asali. Tunasikia kila siku: "nimeacha sukari, natumia asali." Asali ni nzito, kijiko cha chai kimoja kina uzito wa gramu 7 hivi, na karibu gramu 6 kati ya hizo ni sukari. Kijiko kwa kijiko, asali imeizidi sukari iliyosawazishwa. Sukari guru nayo ni sukari. Ya kahawia ni sukari. Tende ina nyuzinyuzi na madini kidogo, lakini sehemu kubwa ya uzito wake ni sukari pia. Tatu za kufungulia mwezi wa Ramadhani hazina neno, mradi zisifuatwe na uji uliokolea, tambi za sukari na kaimati zinazoogelea kwenye shira, zote katika futari moja.

Vitafunwa vinarekebishika kuliko watu wanavyodhani. Maandazi ya kilo moja ya unga yaliyotiwa gramu 200 za sukari yakitoka 30, kila moja lina gramu 6 au 7 za sukari, mbali na mafuta. Hamira haihitaji sukari yote hiyo. Kijiko kimoja kinatosha kuiamsha. Shusha hadi gramu 100 na uongeze iliki na tui zito la nazi. Ujue mapema kitakachobadilika: sukari ikipungua, andazi linachelewa kupata rangi na linakauka upesi. Anayesubiri rangi ile ya zamani ataliacha kwenye karai mpaka liwe gumu. Litoe likiwa limepauka kidogo, liliwe siku hiyo hiyo. Mafuta yawe moto vya kutosha, maana yakiwa vuguvugu andazi linayanywa, na gramu moja ya mafuta ina kalori 9 dhidi ya 4 za sukari.

Hapo ndipo lilipo jibu la yule jirani mwenye kitambi. Sukari haina uchawi. Ni kalori kama kalori nyingine. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa na jarida la kitabibu la BMJ mwaka 2013 ulionyesha kwamba watu wazima waliopunguza sukari, bila kubanwa kwa mengine, walipungua wastani wa kilo 0.8. Lakini sukari ilipobadilishwa na wanga mwingine wenye kalori sawa, uzito haukubadilika. Jirani aliacha sukari ya chai akaongeza chapati ya pili na kijiko cha ziada cha wali. Njaa ya saa kumi jioni ndiyo inayomwangusha, na inatokana na mchana wa wali mwingi na mchuzi mwepesi. Maharage, dagaa, mayai au samaki pamoja na mboga za majani vikiwa vingi kwenye sahani ya mchana, saa kumi inapita salama.

Matarajio nayo yapimwe. Tuseme mtu anakunywa vikombe vitatu vya chai vyenye vijiko viwili vya mlima kila kimoja, na soda moja ya mililita 350 kila siku. Akishuka hadi kijiko kimoja kilichosawazishwa kwa kikombe na kuacha soda, ameondoa karibu gramu 67, kama kalori 270 kwa siku. Kwenye karatasi, hiyo ni takriban kilo moja ya mafuta kwa mwezi. Kwa mwili wa kweli ni chini ya hapo, kwa sababu mwili unavyopungua unatumia nishati kidogo, na mtu hula zaidi bila kujua. Anayetangaziwa kilo 10 kwa wiki mbili anauziwa kitu. Anayepunguza sukari na wanga kwa pamoja anaweza kushuka kilo moja au mbili wiki ya kwanza, na sehemu kubwa ya hizo ni maji. Wiki ya tatu mzani ukigoma, asikate tamaa. Jipime mara moja kwa wiki, asubuhi, mzani ule ule. Futi ya fundi cherehani ina msaada zaidi: izungushe kiunoni, katikati ya mbavu ya mwisho na mfupa wa nyonga, ukiwa umetoa pumzi. Kuanzia sentimita 80 kwa mwanamke na 94 kwa mwanamume, hatari ya magonjwa ya moyo na kisukari imeanza kupanda.

Maonyo mawili tusingependa yakatwe barua hii ikifupishwa. Mgonjwa wa kisukari anayetumia insulini au vidonge kama glibenclamide asipunguze chakula ghafla kabla ya kuonana na daktari wake, kwa kuwa dozi ile ile inaweza kumshusha mno. Akitetemeka, kutoka jasho na moyo kwenda mbio, hapo anahitaji sukari mara moja: vijiko vya chai 4 vilivyosawazishwa kwenye maji, au nusu glasi ya soda ya kawaida, kisha apimwe tena baada ya dakika 15. Akiwa hajitambui asinyweshwe kitu, apelekwe hospitali. La pili ni maji ya chumvi na sukari kwa anayeharisha. Pakiti za ORS zikikosekana, kipimo ni vijiko vya chai 6 vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vilivyosawazishwa, katika lita moja ya maji safi. Sukari ile ndiyo inayosaidia utumbo kuvuta chumvi na maji. Mzazi asiipunguze kwa jina la lishe bora.

Ombi letu kwenu, Mhariri, ni dogo: makala ijayo ikitaja kijiko, iseme ni cha chai au cha kulia, na ni cha kusawazishwa au cha mlima. Na kamati za harusi zinazosoma gazeti hili ziweke maji ya baridi mezani kabla ya kreti za soda kufunguliwa, maana mgeni hunywa kilichomtangulia.

Wataalamu wa lishe,
Temeke, Dar es Salaam