Kuhesabiwa tumeshahesabiwa

Mhariri,

Nalima machungwa huku Muheza, mkoani Tanga. Agosti 2022 karani wa sensa alinifikia akitweta, bodaboda imemtua bondeni kwa ajili ya makorongo. Akauliza vyumba, kuku, choo. Nikajibu vyote.

Juzi nimesoma habari za India. Mwaka 2000 walianzisha mpango wa barabara za vijijini, Pradhan Mantri Gram Sadak Yojana (jina refu kama treni ya mizigo). Walichukua sensa ya 2001: makazi ya tambarare yasiyo na barabara, yenye watu 500 au zaidi, yanastahili barabara ya kupitika mwaka mzima. Milimani na jangwani, watu 250 wanatosha. Wenye watu 490 kule tambarare sijui walilalaje siku ile! Lakini angalau walijua wamepungukiwa vichwa kumi.

Mimi mwezi Mei matenga manane yameniozea uani, yakitoa maji, nyuki wamejaa. Bodaboda hagusi utelezi ule. Nimeuliza ofisini tuko wa ngapi kwenye foleni ya barabara, nikaambiwa nirudi Jumatatu. Jumatatu zimepita tatu.

Mkulima,
Muheza, Tanga