Mkoba wa dawa usiwe wa mwisho kufungwa

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nizungumze na familia za Mombasa ambazo, likizo ndefu ya mwisho wa mwaka ikifika, hujazana katika ofisi za mabasi pale Mwembe Tayari na katika stesheni ya reli ya Miritini, wengine wakielekea bara kwa wazee wao, wengine Lamu kwa jamaa, na wengine wakivuka mpaka wa Lunga Lunga kwenda Tanga. Nilifanya kazi ya uuguzi hapa Pwani kwa muda mrefu kabla ya kustaafu, na jambo ambalo limenisikitisha kila msimu ni kwamba nguo za watoto hupigwa pasi siku nyingi kabla ya safari na zawadi za wenyeji huandaliwa kwa makini, lakini dawa hutupiwa mkobani usiku wa kuamkia safari, mtu akiwa hoi kwa uchovu na akiokota chochote anachokiona juu ya kabati.

Kinachookotwa usiku huo, mara nyingi, ni bahasha. Ni nadra kuingia nyumba ya Mombasa isiyokuwa nazo: vile vibahasha vya karatasi tunavyopewa dirishani tukitoka kumwona daktari, vilivyoandikwa kwa kalamu "1×3" au "2×2", na ndani yake mna tembe nyeupe za duara zilizohesabiwa kutoka kwenye kopo kubwa. Siku ile ya kwanza mgonjwa anajua amepewa nini, kwa sababu ameambiwa kwa mdomo. Miezi mitatu baadaye hajui tena, wala hakuna anayeweza kumwambia, maana jina la dawa halipo, nguvu yake haipo na tarehe ya kuisha muda wake haipo. Vibahasha viwili vya namna hiyo vikikaa katika mkoba mmoja, kimoja cha presha ya baba na kingine cha maumivu ya mgongo ya mama, mtu aliyeamshwa saa nane za usiku katika nyumba ya ugenini hana njia ya kuvitofautisha. Nasema bila kusita kwamba dawa isiyojulikana jina isisafiri. Irudishwe kwa mfamasia aiharibu, na zile zitakazobebwa zibaki katika pakiti zao za kiwandani au chupa zao zenye lebo, pamoja na karatasi ya maelezo iliyokuja nazo.

Watu wengi wakisikia habari ya huduma ya kwanza hufikiria bendeji. Mimi ningeomba wamfikirie kwanza yule anayemeza dawa kila siku, si yule ambaye huenda akajikata kidole. Dawa za presha, sukari, pumu na kifafa zihesabiwe kwa siku za safari, kisha ziongezwe za wiki moja, kwa sababu basi huharibika njiani, mvua hukata barabara ya Garsen ya kwenda Lamu, na mgeni aliyekuja kwa siku chache huombwa na wenyeji akae zaidi. Wapo wanaonijibu kwamba dawa zinapatikana kila mahali. Tembe za maumivu ya kichwa, naam, zinapatikana hata kioski; lakini dawa ya kifafa ya aina ile ile na nguvu ile ile aliyozoea mtoto wako haipatikani katika kila duka la kijijini, na kuikatiza ghafla kwaweza kumwangusha mtoto ambaye hajaanguka kwa miaka.

Insulini ndiyo inayotaka uangalifu mkubwa zaidi katika joto letu. Chupa ambayo haijafunguliwa huhifadhiwa katika nyuzi 2 hadi 8 za Selsiasi, yaani ndani ya friji lakini mbali na sehemu ya barafu, na ile iliyokwisha kuanza kutumiwa, kwa aina nyingi, huweza kukaa nje ya friji kwa muda wa wiki 4 hivi iwapo joto halizidi nyuzi 25 hadi 30, kulingana na maelezo ya pakiti yake. Wako wanaoiweka katika sanduku linaloingia kwenye buti la basi, ikapikwa huko kutoka Mombasa hadi Mtito Andei. Wako pia wanaoizika ndani ya barafu wakidhani wanaihifadhi, kumbe insulini iliyoganda imekwisha kuharibika na haifai tena hata ikiyeyuka. Njia niliyokuwa nikiwafundisha wagonjwa ni kutumia themosi yenye mdomo mpana: isuuzwe kwa maji baridi ya friji, ikaushwe, kisha chupa ya insulini izungushiwe kitambaa kikavu na kuwekwa ndani. Sindano zake, mashine ya kupimia sukari na vipande vyake, pamoja na glukosi au juisi ya kumpa mgonjwa sukari ikishuka, vikae pamoja nayo, tena mkononi.

Niwataje pia watoto wenye selimundu, ule ugonjwa wa damu uitwao pia sickle cell, ambao hapa Pwani ni wengi. Mtoto aliyezoea joto la Mombasa akipelekwa Nairobi, iliyo zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, au Limuru ambako ni juu zaidi na baridi zaidi, hukutana na mambo mawili yanayojulikana kuamsha maumivu yake, nayo ni baridi na kupungukiwa na maji mwilini. Kwa mtoto huyo sweta, soksi na chupa ya maji ni sehemu ya mkoba wa dawa, sawa na tembe zake za foliki asidi na ile dawa ya kuzuia malaria aliyoandikiwa kliniki. Mwenye pumu naye abebe bomba lake la kuvuta hata kama hajalihitaji kwa miezi, na mzazi ajaribu bomba hilo kabla ya kuondoka aone kama bado lina dawa.

Kwa homa na maumivu, dawa ya kubeba ni paracetamol, na ningependa wazazi waijue vizuri kuliko wanavyoijua sasa. Kipimo cha mtoto hufuata uzito wake: miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo, hurudiwa baada ya saa 4 hadi 6, na isizidi mara 4 katika saa 24. Dawa nyingi za maji zinazouzwa madukani mwetu zina miligramu 120 katika kila mililita 5, kwa hivyo mtoto wa kilo 12 hupewa kati ya mililita 5 na mililita 7.5. Vijiko vya jikoni havilingani ukubwa, na ndiyo sababu nasisitiza sirinji ya plastiki isiyo na sindano, au kile kikombe kidogo chenye alama kinachokuja na chupa. Tena isomwe lebo ya dawa ya mafua kabla ya kumpa mtoto yuleyule, kwa kuwa nyingi kati ya dawa hizo zina paracetamol ndani yake. Mzazi akitoa zote mbili anakuwa ameirudia dozi bila kujua, na kiungo kinachoumia ni ini.

Kuna tahadhari nyingine inayotuhusu sisi wa Mombasa kwa namna ya pekee. Homa ya dengue imekwisha kulipuka katika mji huu zaidi ya mara moja, ikiwemo mwaka 2013 na 2017, na huenezwa na mbu anayeuma mchana na kuzaana katika maji safi tunayohifadhi kwenye mapipa na madumu. Mtu mwenye homa ambayo haijajulikana ni ya nini, akiwa anatoka mji kama wetu, asipewe aspirini wala ibuprofeni, kwa sababu dawa hizo huweza kuongeza hatari ya kutoka damu iwapo homa hiyo ni ya dengue. Aspirini, zaidi ya hayo, haifai kwa mtoto aliye chini ya miaka 16 isipokuwa daktari mwenyewe ameiagiza. Kwa hivyo katika mkoba wa familia, aspirini na ibuprofeni zaweza kuachwa nyumbani pasipo hasara yoyote, labda mwenye ugonjwa wa moyo aliyeandikiwa aspirini, naye aitunze kando.

Kuhusu malaria, kuna desturi ambayo ningetamani ikome, ya kubeba mabaki ya dozi ya mwaka jana "kwa dharura". Dawa tunayotumia nchini kwa malaria ya kawaida, ile ya mchanganyiko wa artemether na lumefantrine, humezwa mara 6 kwa jumla katika siku 3, pamoja na chakula, na dozi ya pili hufuata saa 8 baada ya ya kwanza; tembe nne zilizobaki hazimponyi mtu, bali humpunguzia homa kwa muda na kumchelewesha kupimwa. Anayekwenda Kisumu, Siaya, Homa Bay au Busia, ambako maambukizi ni makubwa, abebe chandarua chake na mafuta ya kufukuza mbu, na akipata homa akapimwe siku hiyohiyo. Homa ikimjia baada ya kurudi, hata wiki kadhaa baadaye, amweleze daktari alikokuwa.

Tumbo la kuhara ndilo linaloharibu likizo nyingi, na dawa yake ni rahisi na nyepesi kubeba. Pakiti za ORS, yaani ile chumvi na sukari ya kuchanganya na maji ili kurudisha maji mwilini, na tembe za zinki ziwemo katika kila mkoba wenye mtoto. Msomaji aangalie kama pakiti yake ni ya lita moja au ya nusu lita, kwa kuwa zote zinauzwa, na maji yakiwa machache kuliko yanavyotakiwa chumvi huzidi na kumdhuru mtoto. Maji yawe yamechemshwa au kutiwa dawa, mchanganyiko utolewe kidogokidogo kwa kijiko au kikombe, na uliobaki baada ya saa 24 umwagwe. Zinki ni miligramu 20 kwa siku kwa mtoto wa miezi 6 na zaidi, na miligramu 10 kwa mdogo kuliko huyo, kwa siku 10 hadi 14 hata kama kuhara kumekoma. Dawa za kufunga tumbo mtoto asipewe, na kinyesi kikiwa na damu, au mtoto akishindwa kunywa, macho yakadidimia na akawa mlegevu, hilo si jambo la mkoba tena bali ni la hospitali.

Vifaa vya majeraha havihitaji maneno mengi: plasta, shashi safi, bendeji ya kuviringisha, dawa ya iodini, glavu, mkasi, kibano cha kutolea miiba, thamomita, na tembe za mzio kwa anayevimba akiumwa na wadudu. Aliyeungua aoshwe kwa maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20, wala asipakwe dawa ya meno, mafuta au yai. Aliyeumwa na nyoka asichanjwe kwa wembe, asinyonywe sumu na asifungwe kamba ya kukaza. Atulizwe, kiungo kisitikiswe, pete na bangili zivuliwe, apelekwe hospitali mara moja. Wanaokwenda visiwa vya Lamu wakumbuke kwamba kutoka Mokowe mbele usafiri ni wa chombo, na kwamba kutoka kisiwa kidogo usiku kumfuata daktari huchukua muda. Mkoba wao uwe umekamilika zaidi kuliko wa anayekwenda Nairobi. Dawa za kuzuia kichefuchefu cha safari nyingi huleta usingizi, na promethazine asipewe mtoto wa chini ya miaka 2.

Mkoba wenyewe ukae miguuni au mapajani mwa mtu mzima mmoja anayejulikana, mbali na mikono ya watoto, usiwekwe kwenye buti wala juu ya dashibodi, ambako jua la saa saba huchoma kuliko kiwango cha nyuzi 30 kinachoandikwa kwenye pakiti nyingi. Ndani yake iwemo karatasi moja iliyoandikwa kwa herufi kubwa: jina la kila msafiri, umri na uzito wa kila mtoto, dawa anazotumia kila mmoja na kipimo chake, dawa inayomdhuru, na nambari ya dharura ya Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya, 1199. Wanaotoka nje ya nchi waongeze barua ya daktari, hasa wanaokwenda Umra au nchi za Ghuba wakiwa na dawa kali za maumivu kama tramadol au kodeini, ambazo huko zina masharti makali. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano nayo huanza kutambuliwa siku 10 baada ya sindano, kwa hivyo anayechanjwa siku moja kabla ya kuvuka mpaka amechelewa.

Ombi langu kwa wenye maduka ya dawa na kwa wahudumu wa madirisha ya hospitali zetu, za umma na za binafsi, ni kwamba msiandike tena "1×3" peke yake. Andikeni juu ya bahasha jina la mgonjwa, jina la dawa, nguvu yake, na tarehe ya kuisha muda kama ilivyo kwenye kopo, hata kama foleni ni ndefu. Na mwenye safari aende kwa mfamasia wake wiki mbili kabla, na dawa zote za nyumbani ndani ya mfuko mmoja, azimwage juu ya kaunta na kuomba aelezwe moja baada ya nyingine ni ipi ya kubeba na ni ipi ya kuacha.

Muuguzi mstaafu,
Tudor, Mombasa